Msaada kwa wanajeshi wastaafu usiishie kwenye kifurushi cha Julai

Kila ifikapo Julai 25, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka waliolipigania. Mkuki na ngao huwekwa kwenye mnara, gwaride hupita, na wazee wenye nishani vifuani hukaa viti vya mbele. Siku hizohizo makanisa, misikiti, vikundi vya kinamama, kampuni na vyama vya wastaafu hupeleka mchele, sukari, sabuni na blanketi kwa waliolitumikia jeshi na kwa wajane wao. Picha hupigwa, dua husomwa, watu hurudi majumbani.

Hisani hiyo ni njema na simshauri mtu aiache. Ninachouliza wiki hii ni swali la kitabibu. Magonjwa wanayoishi nayo wastaafu wetu na familia zao ni ya kila siku, lakini msaada wetu mwingi ni wa siku moja. Dawa ya presha humezwa leo, kesho na keshokutwa. Mguu wa bandia huvaliwa kila asubuhi. Ndoto za vita hazingoji Julai. Vikundi vyetu vya hisani vikianza kufuata kalenda ya mgonjwa, fedha ileile waliyonayo itafanya kazi kubwa zaidi.

Wanaohitaji msaada ni kina nani?

Tukisema "mashujaa wastaafu", wengi huwaza kundi moja la wazee. Kwa kweli ni makundi matatu, na kila moja lina shida yake.

La kwanza ni wazee wa KAR, jeshi la wakoloni, waliopelekwa hadi Burma katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Walio hai ni wachache na wamepita miaka 90.

La pili, ambalo ndilo kubwa, ni waliopigana Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Katika miezi hiyo jeshi letu liliongezeka kutoka askari wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 150,000. Walioongezeka ni mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza. Mgambo peke yao walikuwa kama 40,000. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70.

La tatu ni vijana wa ulinzi wa amani. Julai 2013 wanajeshi wetu saba waliuawa Darfur na walinda amani wengine 17 wakajeruhiwa. Desemba 7, 2017 kambi ya Semuliki, mashariki mwa Congo, ilishambuliwa, wakauawa wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 na makumi wakajeruhiwa. Wajane wa kundi hili bado wanalea watoto walio shuleni.

Zipo pia tofauti za karatasi. Mwanajeshi aliyestaafu rasmi ana namba ya jeshi, kumbukumbu na pensheni. Mgambo aliyerudi shambani mwaka 1979 huenda hana cha kuonyesha zaidi ya kovu na, akibahatika, nishani. Ndiyo maana suala la stahili za mgambo wa Kagera limekuwa likirudi bungeni mara kwa mara. Kwa mzee wa aina hii hisani ya mtaani si nyongeza. Huenda ndiyo msaada pekee anaoupata kwa jina la utumishi wake.

Mwili unavyokumbuka vita

Hebu tuangalie anachokileta mstaafu kliniki, maana msaada mzuri huanzia hapo.

Usikivu. Mizinga na bunduki huharibu chembe za sikio la ndani, na zikishakufa hazioti tena. Mzee asiyesikia hujitenga, huonekana mkali au mwenye dharau, na familia hudhani ana kiburi. Kipimo cha masikio na kifaa cha kusaidia kusikia vinaweza kumrudisha barazani na wenzake.

Viungo. Mguu wa bandia haudumu milele. Kigutu hubadilika umbo mwili unaponenepa au kukonda, na kwa kawaida mguu huhitaji marekebisho au kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Mguu usiokaa vizuri huchubua ngozi. Kwa mwenye kisukari mchubuko huo unaweza kuishia kwenye kukatwa tena, juu zaidi. Utaalamu upo nchini: Moshi, pale KCMC, kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanza mwaka 1981 na kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kinachomkwamisha mzee mara nyingi ni nauli, mahali pa kulala na mtu wa kumsindikiza.

Magonjwa ya uzeeni. Presha, kisukari, tezi dume na maumivu ya mgongo huwapata hata wasiowahi kushika bunduki. Ila mtu aliyezoeshwa kuvumilia maumivu kimya huchelewa kuja hospitali. Nimewasikia wengi wakisema, "Daktari, hiki ni kitu kidogo," huku presha ikiwa juu kupita kiasi.

Akili. Hapa ndipo tunapokosea zaidi kama jamii. Wengi waliopitia vita hawapati ugonjwa wa akili, na hilo lazima lisemwe ili tusiwabandike jina wasilostahili. Lakini wapo wanaobaki na kile tunachokiita ugonjwa wa kiwewe. Dalili zake ziko katika mafungu manne. Matukio hurudi kama ndoto au picha za mchana, kana kwamba yanatokea sasa. Mgonjwa hukwepa chochote kinachomkumbusha. Mawazo na hisia hubadilika: hujilaumu, hukata tamaa, hupoteza upendo kwa watu wake. Na mwili hukaa kwenye zamu muda wote: hushtuka kwa kishindo cha mlango, hukaa akitazama mlango, hawezi kulala. Dalili zikizidi mwezi mmoja na kuvuruga maisha, huo ni ugonjwa wenye matibabu.

Unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Mtu akiwa kazini hushikwa na ratiba, amri na wenzake. Akistaafu kimya huingia na kumbukumbu hupata nafasi. Familia hushangaa: "Mbona vita vilikwisha zamani?" Wengine hukimbilia kwa mganga, wengine huona ni laana. Mgonjwa naye hujitibu kwa gongo, akalala saa mbili na kuamka akiwa na hali mbaya zaidi.

Nyumba nzima inaumwa

Anayejua kwanza ni mke. Yeye ndiye anayelala ukingoni mwa kitanda kwa sababu mume hurusha mikono usingizini. Yeye ndiye anayewaambia watoto, "Baba amelala, msicheze hapa." Akija kliniki analalamika kichwa, tumbo, au moyo kwenda mbio. Vipimo vikirudi safi, ukimuuliza nyumbani kukoje, hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Watoto nao hawasemi kwa maneno. Aliyeacha kukojoa kitandani huanza tena. Aliyekuwa anafanya vizuri darasani hushuka. Mkubwa huwa mkorofi, au huwa mtulivu kupita umri wake kwa kuwa anachunga hasira za baba. Mzazi, ukiona hivyo, usianze na kiboko. Mweleze mtoto kwa lugha ya umri wake: "Baba aliona mambo ya kutisha kazini. Bado yanamsumbua. Si kosa lako, na anatibiwa." Maneno hayo machache humwondolea mtoto mzigo wa kudhani yeye ndiye chanzo.

Kwa watoto waliofiwa kuna jambo moja naliomba kwa msisitizo. Msiwaambie, "Baba amesafiri." Mtoto wa mwanajeshi anajua safari: baba huenda, baba hurudi. Ukimwambia hivyo atasubiri, na siku atakapojua ukweli atakuwa amepoteza baba na imani kwako pia. Mwambie kwa upole kwamba baba amekufa, na kwamba aliyekufa harudi, hasikii njaa wala maumivu. Atauliza tena na tena. Jibu ni lilelile.

Hesabu ya kifurushi

Tuchukue mfano wa kikundi cha hisani cha mtaa kinachokusanya Sh3 milioni kwa mwaka. Kwa utaratibu wa kawaida kitanunua vifurushi 60 vya Sh50,000 kila kimoja na kuvigawa Julai. Chakula hicho kitakwisha ndani ya wiki mbili au tatu.

Sasa tugawe fedha hiyo upya. Sh1.5 milioni ibaki kwenye vifurushi 30 kwa kaya zenye hali ngumu zaidi. Sh1.2 milioni iwe nauli ya Sh10,000 kila mwezi kwa wagonjwa 10 wanaotakiwa kuhudhuria kliniki mwaka mzima. Sh300,000 inayobaki inunue mashine ya kupimia presha na muda wa maongezi, ili mjumbe mmoja awapigie simu wale 10 siku moja kabla ya kliniki na jioni yake.

Ndiyo, kaya 30 hazitapata kifurushi mwaka huo, na kuwaambia hivyo ni kazi ngumu. Lakini mtu mmoja ambaye presha yake inadhibitiwa ni kiharusi kimoja kinachoweza kuepukwa. Kiharusi kikitokea, mke huacha biashara yake amuuguze, na mtoto huacha shule. Nauli ya Sh120,000 kwa mwaka inaweza kulinda riziki ya watu watano.

Mfano wa msaada unaofuata mahitaji ya kila siku upo. Jumuiya ya wanajeshi wa zamani wa Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1921, huwasaidia wazee waliotumikia majeshi ya Uingereza kabla ya uhuru na wajane wao, ikipitia vyama vya nchi husika. Mwaka 2018 Serikali ya Uingereza ilitangaza takriban pauni milioni 12 kwa ajili yao, na kipimo kilichotumika kilikuwa milo miwili kwa siku. Mtu anaweza kuhoji kwa nini ilichukua miaka zaidi ya 70 baada ya vita, na ana haki ya kuhoji. Ninachokichukua mimi ni namna walivyopima: mzee anakula mara ngapi kwa siku. Mzee wa Kagera hahusiki na mfuko huo, kwani alipigana chini ya bendera yetu. Kipimo chake tunapaswa kukiweka sisi.

"Mzee anataka kukumbukwa tu"

Wapo watakaosema kwamba ninaigeuza hisani kuwa zahanati. Wanasema mzee hafurahii mchele, anafurahia kwamba watu wamefika kwake. Hoja hiyo ina uzito. Upweke unaharibu afya, na heshima ni sehemu ya tiba. Nimewaona wazee wanaoziweka nishani zao kwenye mfuko mmoja na kadi ya kliniki.

Lakini hoja hiyo yenyewe inadai ziara nyingi zaidi. Anayefurahi kutembelewa Julai atafurahi pia Oktoba, siku ambayo hakuna mpiga picha. Na si kila mzee anapenda picha. Kwa aliyewahi kuongoza watu, kupokea sabuni mbele ya kamera huku wajukuu wakitazama kunaweza kuwa fedheha. Msaada unaomdhalilisha mtu humfanya afiche shida yake, na shida iliyofichwa haitibiki. Peleka mchele jioni, kaa kidogo, kunywa chai, uliza: "Mzee, dawa zimebaki za siku ngapi?" Swali hilo linamheshimu kama shada la maua.

Kuna hoja nyingine kutoka upande wa pili: kwamba kazi hii ni ya Serikali, na kila hisani inaipa Serikali visingizio. Ninakubali nusu yake. Dawa, upasuaji, viungo bandia na wataalamu wa akili haviwezi kubebwa na michango ya mtaa. Nchi nyingine zimeandika wajibu huo kwenye sheria. Afrika Kusini ilipitisha sheria ya wanajeshi wa zamani mwaka 2011, na imetaja wazi ushauri nasaha na matibabu kwa wenye ugonjwa wa kiwewe. Kenya ilipata sheria yake mwaka 2022. Kwetu, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilizungumzia matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo walio na miaka 60 na kuendelea, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Mgambo asiye na karatasi za jeshi anaweza kuingia kwa mlango huu wa uzee, hata kama ule wa utumishi umefungwa.

Hapo ndipo hisani ya mtaa ina kazi ambayo Serikali haiwezi kuifanya vizuri: kumfikisha mzee mlangoni. Mzee anayeishi kilomita 20 kutoka wilayani, asiyesikia vizuri na asiyetaka kuonekana ombaomba, hatakwenda peke yake kwa ofisa ustawi wa jamii. Akisindikizwa na mtu anayemwamini, atakwenda.

Mambo matano kwa vikundi vya hisani

Kwanza, tengenezeni orodha yenye jina la mgonjwa, tarehe yake ya kliniki na simu ya ndugu. Maelezo ya ugonjwa yabaki kwa mhudumu wa afya. Orodha isisomwe kwenye mkutano wala kutumwa kwenye kundi la simu.

Pili, fanyeni urafiki na zahanati iliyo karibu na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Msinunue dawa na kuzigawa wenyewe, kwani dawa ya presha ya mzee huyu inaweza kumdhuru mwenzake mwenye ugonjwa wa figo.

Tatu, mwekeni mke au mjane kwenye mpango kwa jina lake. Apate mahali pa kukutana na wenzake japo mara moja kwa mwezi. Anayemuuguza mgonjwa bila kupumzika naye huugua.

Nne, watumieni wastaafu wenyewe. Mstaafu humsikiliza mstaafu. Vyama vyao vinajua nani anaishi wapi na nani ameacha kuonekana. Mzee anayepuuza maneno ya daktari anaweza kutii ya mwenzake wa kikosi.

Tano, ada na sare za watoto zilipwe mapema, kabla shule hazijafunguliwa. Mtoto aliyerudishwa nyumbani Januari hasaidiwi na daftari la Julai.

Kwa familia: anzeni hapa

Kama mumeo au baba yako ana dalili nilizozitaja, usianze kwa kumwambia, "Wewe una ugonjwa wa akili." Jaribu hivi: "Baba Asha, siku hizi naona hulali. Nakwenda kupima presha Jumanne, twende wote nawe upime." Wengi hukubali kuingia kwa mlango wa presha, na daktari ataendelea kutoka hapo.

Wengine hugoma kwa kuhofia siri za jeshi. Mhakikishie kwamba daktari hahitaji kujua kikosi chake kilikuwa wapi wala amri ilitoka kwa nani. Anahitaji kujua analalaje, anakulaje, anaogopa nini. Matibabu yenyewe ni mazungumzo yenye mpangilio maalumu, na kwa baadhi ya wagonjwa dawa. Dawa hizo huchukua wiki nne hadi sita kuonyesha nafuu, kwa hiyo asiziache wiki ya pili kwa kusema hazifanyi kazi. Anzieni hospitali ya wilaya, watawapa rufaa kwenda ya mkoa, Muhimbili au Mirembe ikihitajika.

Zipo dalili ambazo hazingoji siku ya kliniki: akizungumzia kufa, akigawa vitu vyake bila sababu, akiaga watu, au akitafuta silaha au sumu. Usimwache peke yake. Ondoa dawa za shambani, vidonge na vitu vyenye ncha kali, umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kumuuliza wazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kutua mzigo. Na kama hasira zake zimefikia kukupiga wewe au watoto, tokeni kwanza mkae mahali salama. Ugonjwa unaeleza mengi, lakini haumpi mtu ruhusa ya kuumiza.

Kikundi cha hisani kikibisha hodi na kuuliza mnahitaji nini, msione haya kutaja kitu mahsusi. Semeni: nauli ya kliniki ya tarehe 14. Semeni: mtu wa kukaa na mzee Jumamosi ili mama aende sokoni. Semeni: kupimwa masikio. Watu wengi wana moyo wa kutoa, hawajaambiwa tu kinachopungua. Na kama kikundi chenu kinaandaa vifurushi vya mwaka huu, chukueni karatasi kabla ya kwenda dukani, andikeni tarehe za kliniki za wazee wenu, kisha mgawe fedha mkiwa mnaitazama karatasi hiyo.